Mradi Ukishakabidhiwa, Nani Anabaki na Spana?

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari zenu, na nyie vijana wa uhandisi mliokaa kule nyuma sogeeni mbele kidogo maana haya ninayoongea leo nimeyaandaa kwa ajili yenu zaidi. Nimeombwa niongelee utafiti wa uhandisi vyuoni na jinsi unavyosaidia mazingira na jamii. Mada yenyewe ni pana, tukiingia kila kona hatutoki humu ndani leo, kwa hiyo nimechukua kipande kimoja tu ambacho naona kinasahaulika karibu kila chuo. Kifaa kimeshafungwa, picha zimeshapigwa, ripoti imeshaenda kwa mfadhili, mtafiti amesharudi maabara kwake. Pale kilipobaki kile kifaa, nani ana spana? Nani anajua nati ipi inalegea kwanza, spea inapatikana wapi, na akikwama anampigia simu nani?

Mimi naamini kabisa hilo ni swali la uhandisi. Watu wanalisukumia kwa maafisa maendeleo, wanalisukumia kwa wanasiasa, wanasema sisi kazi yetu ni kubuni tu. Hapana jamani. Linatakiwa liwemo kwenye andiko la utafiti toka ukurasa wa kwanza, pale pale unapoandika malengo.

Ngoja niwape mfano wa ukungu, ni mfano ambao naupenda na unaniuma kwa pamoja. Huko Chile, upande wa kaskazini ambako mvua ni ya kubahatisha, kuna kijiji cha wavuvi kinaitwa Chungungo, kiko pwani kabisa ya Pasifiki lakini maji ya kunywa yalikuwa yanaletwa na malori. Juu yake kuna mlima unaitwa El Tofo, na pale juu ukungu kutoka baharini unapita siku nyingi za mwaka. Mwaka 1987 watafiti, akiwemo Pilar Cereceda wa chuo kikuu cha Pontificia Universidad Católica de Chile na Robert Schemenauer kutoka Canada, wakaanza kutega nyavu kule juu. Nyavu za plastiki, kila moja urefu mita 12 na kimo mita 4, zimesimamishwa kwenye nguzo kuukabili upepo. Matone ya ukungu ni madogo mno hayawezi kudondoka yenyewe, upepo unayasukuma yanapita kwenye wavu, yanagonga nyuzi, yanashikana na mengine mpaka yanakuwa mazito, yanateremka kwenye mfereji chini ya wavu, yanaingia bombani, yanashuka mlimani mpaka kwenye tangi. Hakuna mota wala mafuta, umeme hauhitajiki hata kidogo. Kwa wastani mita moja ya mraba ya wavu ilikuwa inatoa kama lita 3 kwa siku, na walipofikisha nyavu kama 100 kijiji kikawa kinapata karibu lita 15,000 kwa siku, na kuanzia 1992 maji yakafika majumbani.

Fikiria hiyo raha. Watu wakaanza kuwa na bustani, waliokuwa wamehama wakarudi, kijiji kikakua. Na hapo ndo mambo yakaanza kubadilika, maana watu wakiongezeka mahitaji yanapanda, ila nyavu ni zile zile, na upepo wa mlimani hauchoki, unachana wavu, unalegeza kamba, kila baada ya muda lazima mtu apande na uzi na zana akashone. Nani apande? Kwa malipo gani? Wavu wenyewe ni mali ya nani, ya kijiji, ya mradi, ya serikali? Hayo hayakukaa sawa. Alafu wanakijiji wakawa wanataka bomba la kudumu kama watu wa mijini, wakaahidiwa, na ukishaahidiwa bomba nani atahangaika kushona wavu. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000 mfumo ukawa umeachwa na malori yakarudi.

Ukungu haukuacha kuja. Sayansi ilikuwa sahihi kabisa, hesabu zilikuwa sahihi, makala zilizoandikwa zilikuwa nzuri na mpaka leo nchi nyingine zinavuna ukungu kwa kufuata kazi ile ile. Kilichokosekana ni utaratibu wa kupanda mlima na sindano. Sasa niambieni, kwenye somo lenu la usanifu, mmewahi kupewa mtihani unaouliza nani atapanda mlima?

Tukitoka kwenye ukungu twende kwenye pampu ya mkono, hii kila mtu anaijua. Kwa miaka mingi makadirio yamekuwa kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara karibu pampu moja kati ya tatu haifanyi kazi muda wowote ukienda kuangalia. Na ukifungua iliyokufa mara nyingi sio kwamba kisima kimekauka, unakuta ni washa ya mpira imelika, beringi imekufa, fimbo imekatika, vitu vya kawaida tu. Watafiti wa chuo kikuu cha Oxford wakajiuliza swali ambalo mimi naliheshimu sana, hawakuuliza tubuni pampu gani mpya, waliuliza pampu ikiharibika taarifa inachukua muda gani kumfikia fundi. Wakachukua kifaa kidogo chenye sensa ya mwendo, kama ile inayofanya simu yako ijue umeigeuza, wakakificha ndani ya mkono wa pampu. Mkono ukipanda na kushuka sensa inahesabu, inatuma kwa meseji ya simu. Mkono usiposogea siku nzima mahali ambapo watu huwa wanachota kuanzia alfajiri, basi kuna kitu.

Wakaijaribu Kyuso, Kenya, na muda wa pampu kukaa mbovu ukashuka kutoka wastani wa siku 27 mpaka chini ya siku 3. Lakini msikimbilie kushangilia sensa. Sensa peke yake haifungui nati hata moja. Kilichofanya siku zishuke ni kwamba upande wa pili wa ile meseji alikuwepo fundi mwenye pikipiki, ana spea, analipwa kwa kutengeneza na sio kwa kuzindua, na baadae kazi hiyo ikaja kusimama kama kampuni ya matengenezo inaitwa FundiFix. Mimi hapo nauona uhandisi wenyewe, sensa na fundi na spea na mkataba vimesanifiwa kwa pamoja. Ukitoa kimoja umebaki na makala nzuri na ndoo tupu.

Sasa kuna upande mwingine wa hii habari ambao watu hawauongelei, nao ni vipimo. Tunadhani kupima ni kazi safi, unaenda na chupa unachukua maji unarudi maabara unatoa namba. Lakini jinsi unavyoshika chupa inaweza kuficha sumu.

Nawapa kisa cha mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014 mji ulibadilisha chanzo cha maji, wakaacha maji waliyokuwa wananunua Detroit wakaanza kutumia ya Mto Flint ili wapunguze gharama. Maji yale ya mto yanakula vyuma, na kuna dawa ya fosfeti ambayo kwa kawaida inawekwa ili ijenge utando mwembamba ndani ya bomba uzuie madini ya risasi yasiyeyuke, haikuwekwa. Mji ule ulikuwa na mabomba mengi ya zamani ya risasi. Utando uliokuwepo ukaanza kuliwa. Watu wakaanza kulalamika, maji yana rangi, yananuka, watoto wanatoka vipele, wakaambiwa maji yako salama. Oktoba mwaka huo huo kiwanda cha injini cha General Motors kikaacha kutumia maji hayo kwa sababu yanaharibu vyuma vya injini. Yani injini zikaokolewa mwaka mzima kabla ya watoto, na kila nikifika hapa inanikaa kooni.

Mama mmoja pale, LeeAnne Walters, hakukubali. Akasoma, akauliza, akawatafuta wataalamu, mpaka akampata Marc Edwards, profesa wa uhandisi chuo cha Virginia Tech ambaye alishapambana na risasi kwenye maji ya Washington miaka ya nyuma. Sampuli moja kutoka nyumbani kwake ilitoa sehemu 13,200 za risasi kwa bilioni. Kiwango ambacho sheria ya Marekani wakati huo ilikuwa inataka mamlaka ichukue hatua kilikuwa 15.

Alafu Agosti 2015 wakafanya kitu ambacho nataka kila mwanafunzi humu akiangalie kwa karibu. Wakaandaa pakiti 300 za kuchukulia sampuli, wakazipeleka Flint, na wakazi wenyewe ndo wakazigawa mtaa kwa mtaa wakazikusanya. Ndani ya pakiti kuna chupa tatu. Ile kubwa ya lita moja unajaza asubuhi kabla hujafungua bomba kabisa, maji yamelala angalau saa 6 ndani ya mabomba ya nyumba. Ya pili, nusu lita, unaiacha maji yatiririke sekunde 45 ndo unajaza, hapo unapata maji yaliyokuwa yamelala kwenye lile bomba linalotoka barabarani kuingia kwako. Ya tatu ndogo baada ya dakika 2, hayo ni maji yanayotoka kwenye bomba kuu. Chupa tatu, na unajua risasi inaingilia wapi. Maelekezo rasmi waliyokuwa wanapewa watu kabla ya hapo yalisema ufungulie maji kwa dakika kadhaa usiku kabla ya kuchukua sampuli asubuhi. Ukifanya hivyo umeshazimwaga zile chembe za risasi kabla hujapima, namba inatoka ndogo, karatasi inasema salama.

Zilirudi sampuli zaidi ya 250 na matokeo yakawekwa wazi kwa wote, daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha nae akaja na takwimu za damu za watoto, na Oktoba 2015 mji ukarudishwa kwenye maji ya Detroit. Edwards alitumia mpaka pesa yake ya mfukoni kwenye hiyo kazi. Ila mimi ninachotaka mkione ni nani alijaza chupa. Mkazi aliyejaza chupa mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi jikoni kwake, anajua ilijazwaje, huwezi kuja kumwambia baadae kwamba namba zimetoka hewani. Ushirikishwaji wa jamii tunauandika kwenye maandiko yetu kama sentensi moja ya kumridhisha mfadhili, wakati kule ulikuwa ndo njia ya kupata data sahihi. Bila wakazi sampuli zisingepatikana kwa idadi ile na kwa muda ule, hata uwe na maabara ya namna gani.

Kwa upande wa vipimo nina mfano mmoja tena, na huu unarudi kwenye spana. Bangladesh, miaka ya 70 na 80, watu walikuwa wanakunywa maji ya mabwawa na kuharisha kunaua watoto, mashirika na serikali wakahimiza visima vya bomba, vikachimbwa kwa mamilioni, nia njema kabisa. Mwaka 1993 ikathibitishwa kwamba maji ya chini ya ardhi sehemu nyingi yana aseniki, sumu ambayo haina rangi, haina ladha, haina harufu, inaua polepole kwa miaka. Makumi ya mamilioni ya watu walikuwa wanainywa.

Vyuo vikaingia kazini. Abul Hussam, mkemia wa chuo cha George Mason ambaye kwao ni Bangladesh, akatengeneza chujio la ndoo mbili lenye mchanga, vipande vya matofali, mkaa na tabaka la chuma kilichotengenezwa maalumu, chuma ndo kinashika aseniki. Mwaka 2007 likashinda tuzo ya Grainger ya dola milioni moja. Kazi nzuri na imesaidia watu. Lakini wakati huo huo watafiti wa Columbia na chuo kikuu cha Dhaka walikuwa wanafanya kazi eneo la Araihazar, na wakaona jambo ambalo huwezi kulishindania tuzo ya kifaa: aseniki inabadilika sana ndani ya umbali mdogo, kisima changu kina sumu, cha jirani hatua chache tu ni salama. Kwa hiyo pima kila kisima, chenye sumu kipake rangi nyekundu kwenye mdomo wa bomba, kilicho salama kijani, waambie watu. Nchi nzima ilipima karibu visima milioni 5. Na watu wengi walihama wenyewe, wakaenda kuchota kwa jirani mwenye kijani, bila chujio na bila kununua kitu. Kopo la rangi na taarifa sahihi vilifanya kazi kubwa sana.

Alafu rangi ikafifia. Visima vipya vikaendelea kuchimbwa na watu binafsi, vingi havijapimwa na havina rangi yoyote, mtu mpya akija anachota tu. Mnaona tunarudi pale pale. Hata kopo la rangi linahitaji mtu wa kulirudia. Upimaji ule ulipangwa kama kampeni yenye mwanzo na mwisho, wakati ardhi inachimbwa kila siku.

Sasa nigusie jambo gumu kidogo, waheshimiwa walimu mnivumilie. Kuna utafiti unaofanywa ili tatizo lionekane limeshughulikiwa. Minamata, Japani, kiwanda cha Chisso kilikuwa kinamwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956, mishipa ya fahamu inaharibika, watoto wanazaliwa nao. Chuo kikuu cha Kumamoto kikatoa matokeo mwaka 1959 kwamba chanzo ni zebaki. Desemba mwaka huo huo kiwanda kikazindua mtambo wa kusafisha maji machafu kwa shamrashamra, na mtambo wenyewe haukusanifiwa kuondoa ile zebaki. Watu wakadhani yameisha. Serikali ikakiri chanzo 1968, miaka tisa baadae, na katikati hapo zebaki ilikuwa inaendelea kumwagwa. Wahandisi walisanifu ule mtambo jamani. Kuna mtu alichora michoro yake, akapiga mahesabu ya mtiririko, akasaini.

Na kulikuwepo mhandisi mwingine, Ui Jun, alisoma uhandisi wa kemia, akafanya kazi kwenye kiwanda cha plastiki ambacho nacho kilikuwa kinatumia zebaki na kuimwaga, aliposikia habari za Minamata akaelewa nini kinaendelea akarudi chuoni kuchunguza. Aliajiriwa Chuo Kikuu cha Tokyo kama msaidizi mwaka 1965, na kwa sababu alisimama na wagonjwa hadharani alibaki msaidizi vile vile miaka 21 bila kupandishwa cheo. Kuanzia 1970 akafungua mihadhara ya jioni kuhusu uchafuzi wa mazingira, humo humo chuoni, bure, mtu yeyote anaingia, hakuna cheti wala mtihani. Wavuvi na wafanyakazi na wanafunzi walikaa madarasa ya chuo ambacho kwa kawaida wasingekanyaga. Mihadhara hiyo ilidumu miaka 15. Namtaja kwa sababu mara nyingi tunawaambia vijana wachague mada itakayowapandisha, na sisi wenyewe tunajua mada zipi hazipandishi mtu. Huyu alichagua, akalipa gharama, na wagonjwa wa Minamata walipata mtaalamu wa kwao.

Sitaki mtoke hapa mkidhani habari zote ni za kuumiza roho. Chuo Kikuu cha Makerere wana mradi unaitwa AirQo, ulianza 2015, umeongozwa na Engineer Bainomugisha. Vifaa vya kupima hewa vya viwango vya juu ni ghali sana na vimetengenezwa kwa mazingira yenye umeme wa uhakika na vumbi kidogo, kwa hiyo miji mingi ya Afrika ilikuwa haina namba zozote za hewa inayovutwa na watu wake. Hawa wakatengeneza cha kwao, cha bei ya chini, kinachohimili joto na vumbi na umeme unaokatika, vingine wakavifunga kwenye pikipiki za bodaboda ili vizunguke mjini. Kinapima zile chembe ndogo zinazoitwa PM2.5, na Shirika la Afya Duniani toka 2021 linasema wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo. Kinachonifurahisha ni kwamba kifaa kikifa wanaokitengeneza wako hapo hapo, wanaongea lugha moja na mwenye bodaboda.

Na Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela, Askwar Hilonga alitengeneza chujio la mchanga lenye chembe za nano, yani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, likashinda tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering mwaka 2015. Wazo lake ni kwamba maji hayafanani, huku tatizo ni floraidi, kule ni metali nzito, kule ni vimelea, kwa hiyo chujio linaandaliwa kufuatana na maji ya mahali. Na akaweka vituo ambapo watu wananunua maji yaliyochujwa, yani mwenye kituo ana sababu ya kulitunza chujio kesho na keshokutwa maana ndo riziki yake. Hapo swali la spana limejibiwa bila hotuba.

Ila mfano ninaouweka juu ya yote ni Orangi, Karachi, Pakistani. Mwaka 1980 Akhtar Hameed Khan alienda kwenye makazi yale yasiyo rasmi, majitaka yanatiririka vichochoroni, serikali inasema haina pesa. Hakwenda na kifaa. Alikaa na watu, akasikiliza, akarudi na swali la kiufundi: bomba la majitaka la kichochoro kimoja chenye nyumba ishirini thelathini linaweza kushuka bei kiasi gani mpaka wenyewe wamudu kulilipia? Mafundi wake wakalifanyia utafiti hilo hasa. Wakarahisisha michoro, wakapunguza kina cha mitaro pale kilipokuwa hakihitajiki, wakatengeneza kalibu za chuma za kumwagia zege za mashimo ya ukaguzi ili fundi wa mtaani aweze, wakatoa faida ya mkandarasi kwenye hesabu. Gharama ikashuka mpaka sehemu ndogo ya ile rasmi. Kila kichochoro kikachagua msimamizi wake, kikachanga, kikachimba. Makumi ya maelfu ya nyumba zikaunganishwa hivyo.

Na kwa kuwa watu walilipia na kuchimba wenyewe, kuziba kukitokea hawangoji mradi, wanajua bomba limepita wapi kwa sababu walikuwepo mtaro ukiwa wazi. Wanafunzi wa vyuo vya Karachi walishirikishwa kupima na kuchora ramani za mitaa na mifereji, ramani ambazo mamlaka yenyewe haikuwa nazo. Aliyeiongoza kazi hiyo kwa miaka mingi, Perween Rahman, alikuwa msanifu majengo aliyesomea Chuo cha Dawood. Aliuawa kwa risasi Machi 2013, akiwa katika kazi ya kuweka kwenye ramani ardhi na maji ya mji ule yanaishia mikononi mwa nani. Ramani ni kazi ya kihandisi, na kuna watu inawatisha.

Sasa naelekea mwisho, niseme ninachokitaka kwa vyuo vyetu maana nisiposema nitakuwa nimepiga hadithi tu. Mfumo wetu unampandisha mwalimu kwa makala, na makala inakubalika kifaa kikiwa kipya. Hakuna jarida kubwa linalokimbilia kuchapisha kwamba nilirudi baada ya miaka minne nikakuta beringi imekufa. Mfadhili nae anafunga vitabu mradi ukiisha. Kwa hiyo kila mtu anafanya kinachomlipa na hakuna anaerudi. Nawaomba wakuu wa idara mtenge sehemu ya bajeti ya kila mradi, iwe na jina lake, ya kurudi na ya spea, na isiguswe. Kwenye kamati za kupitisha maandiko ulizeni kwa majina: fundi gani, yuko umbali gani, ameshafungua hiki kifaa kwa mikono yake mara ngapi kabla hamjaondoka? Mwanafunzi akijibu "jamii itafundishwa," mrudishieni akaandike upya. Na usanifu ubadilike kufuata jibu, kama pale hakuna anaeuza bolti ya ukubwa huo basi hiyo bolti isiwepo kwenye mchoro, tumia inayouzwa pale hata kama hesabu yako inasema nyembamba zaidi ingetosha.

Baada ya kumaliza kuongea kuna binti mmoja mwaka wa nne aliuliza swali na jibu lake naliweka hapa kwa sababu wengi walitaka kuuliza hilo hilo. Alisema, mwalimu, sisi tuna semista mbili tu za mradi wa mwisho, tunaanzaje kukaa miaka na jamii? Nikamwambia mwanangu usianzishe kitu kipya. Nenda ofisi ya idara, omba orodha ya miradi ya wanafunzi waliokutangulia ambayo ilifungwa kweli mahali, chagua mmoja. Nenda na spana na daftari. Kama kinafanya kazi, kaa na anaekitunza muulize anafanyaje, chora alichobadilisha, maana lazima kuna kitu alibadilisha. Kama kimekufa kifungue, tafuta kilichokufa kwanza, kiweke mezani, ulizia spea yake inapatikana umbali gani, alafu sanifu upya hicho kipande kimoja tu ili fundi wa pale akiweze. Semista mbili zinatosha kabisa. Msimamizi wake alikuwa amekaa safu ya pili, akasema akiandika andiko hilo atalisaini.